Hongera Isiyo Yake

Neno lilimtoka Noeli kabla hajalipima. Lilimtoka kama kikohozi, mbele ya bosi wake na mbele ya madereva wenzake, kwenye maegesho ya ofisi kule Mtumba, Dodoma, na likishatoka halikuwa tena na pa kurudi.

"Noeli, matokeo ya kidato cha nne si yametoka leo?" bosi alikuwa ameuliza, mguu mmoja tayari ndani ya gari, macho kwenye simu. "Binti yako vipi?"

"Kapata divisheni wani, mama."

Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa amejifungia ndani ya gari hilohilo, vioo juu, akayaona matokeo kwa macho yake mwenyewe. Divisheni foo, daraja la mwisho kabla ya kufeli kabisa. Alikuwa ameizima simu akaiwasha upya, kana kwamba ile foo ingechoka kumsubiri ikaondoka. Haikuondoka.

Bosi aliinua macho. Akaushusha mguu chini, akamgeukia, akampa mkono. Miaka yote aliyomwendesha mama yule, Noeli alikuwa amemfungulia milango, amembebea mafaili, amemsubiri nje ya harusi na nje ya misiba ya watu, lakini mkono wake hakuwahi kuushika. Ulikuwa laini, wenye ubaridi wa kiyoyozi.

"Hongera sana, baba Anitha!" Noeli hakujua hata kama mama yule alilijua jina la mtoto wake. "Jamani, njooni mumpe mkono mwenzenu. Binti yake kapata wani!"

Madereva wakaja mmoja mmoja, wakicheka na kumpigapiga mgongoni. Wa mwisho alikuwa Yotham, jirani yake wa Miyuji, ameshika kitambaa cha kufutia vioo.

"Hongera, jirani. Ada yako haikwenda bure."

"Na Seth?" Noeli aliuliza, kwa sababu ilibidi aulize.

"Thrii," Yotham alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa nyumbani kwake. Kisha akarudi kwenye gari lake na kuanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

Seth alisoma shule ya kata, ya kutwa, akienda kwa miguu jua na mvua. Anitha alisoma bweni, shule ya kulipia yenye sweta lenye nembo. Majirani hao wawili hawakuwahi kuizungumzia tofauti hiyo. Noeli hakuwa na haja ya kuizungumzia; siku za kufunga shule ilimtosha kulipitisha sanduku la binti yake taratibu mbele ya nyumba ya Yotham.

*

Jioni alimkuta Anitha jikoni akisonga ugali. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini ugali aliusonga sawasawa, akiugeuza na kuukandamiza ukingoni mwa sufuria. Tereza, mama yake, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mlenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Wakala. Kijiko cha mlenda kilipanda na kushuka. Tereza akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza, akamkazia macho, akimtaka aseme neno lolote kwa mtoto. Noeli akanawa mikono.

"Nimechoka leo," alisema. "Barabara ilikuwa mbaya."

Angeweza kuwaambia usiku uleule alichokisema ofisini. Alijiambia kwamba maneno ya ofisini huishia ofisini. Asubuhi, kabla hata chai haijachemka, mlango ukagongwa na sauti ya Sidonia, mke wa Yotham na mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, ikaingia kabla yake kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwenyi! Nyumba hii mnalala kimya na wani ndani? Yuko wapi binti nimkumbatie?"

Akapiga vigelegele pale pale sebuleni. Akamvuta Anitha, akamkandamiza kifuani, akimtikisa huku na huku. Juu ya bega la mama yule, macho ya Anitha yalimtafuta baba yake. Noeli akainama akafunga kamba za viatu.

"Jumamosi jumuiya inasali hapa kwenu," Sidonia alisema akifuta machozi ya furaha kwa ncha ya khanga. "Tumeshakubaliana. Tutamshukuru Mungu pamoja, na kuna kitu kidogo tumemwandalia mtoto."

Alipoondoka, maji ya chai yakafurika na kuzima moto wa mkaa.

"Baba," Anitha alisema. "Huyo aliyepata wani ni nani?"

"Ni maneno tu yalinitoka. Yatapita."

"Mimi nipo hapa. Foo ni mimi. Huyo mwingine umemzaa lini?"

"Anitha!" mama yake alimkemea, kisha akamgeukia mumewe, na sauti ikambadilika. "Baba Anitha, umefanya nini?"

Noeli alichukua funguo. Alisema atachelewa kazini.

*

Wiki nzima alipita akipokea hongera. Kwenye duka la mangi, kwenye bomba la maji, kwenye geti la ofisi. Bosi alimtambulisha kwa mgeni mmoja kutoka wizara nyingine: "Huyu dereva wangu ana binti kichwa kweli!" Mgeni akamwangalia Noeli vizuri, kama mtu anayemwona mtu, na Noeli akaona haya kwa jinsi alivyopenda kutazamwa vile. Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Uongo wenyewe ulimuuma, lakini ule utamu wake ulimuuma kuliko uongo.

Nyumbani Anitha hakutoka tena nje. Maji alichota mama yake. Ijumaa jioni Noeli alimfuata binti yake uani, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kesho tu," alimwambia. "Wasali, wale, waondoke. Baada ya hapo nitatafuta namna. Tutasema hukupangiwa shule nzuri. Tutasema chochote."

"Nikisimama mbele yao utafurahi?"

"Utaniokoa, mwanangu."

Anitha alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Alikunja shati la kazi la baba yake, mikono ndani, kola juu, kama alivyofundishwa.

"Haya," alisema.

*

Waliingia na viti vyao, mmoja na kigoda chake, mwingine na benchi fupi, wakajaza sebule hadi mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele, amina." Yotham hakuja, mkewe alisema yuko kazini, na Noeli alijua kwamba Yotham hana zamu Jumamosi. Baada ya somo na nyimbo, wanawake wakaingiza tranka jipya la bati, la bluu, limefungwa utepe. Ndani mlikuwa na shuka, ndoo, na kandambili, vitu vyote vya mtoto anayekwenda kidato cha tano.

"Sasa binti," Sidonia alisema, "wadogo zako hawa wamekaa hapa wanakuangalia. Waambie. Ulifanyaje?"

Anitha akasimama. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la mama yake, likimpwaya mabegani.

"Baba ndiye aliyenisaidia," alianza kwa sauti ya upole. "Tangu nikiwa mdogo, nikitoka shuleni, kabla sijavua viatu, ananiuliza: wa ngapi? Akija kunitembelea bweni, salamu yake ndiyo hiyo. Wa ngapi? Mwaka ule nilipougua malaria nikalazwa, alikuja hospitali, akauliza kama mtihani nilikuwa nimeshaufanya, na nimekuwa wa ngapi. Kwa hiyo nilikuwa silali. Nilikuwa naogopa kulala. Ndiyo hivyo tu. Namshukuru baba."

Wakapiga makofi. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema wazazi wa siku hizi waige. Tereza alinyanyuka ghafla akaenda jikoni kuangalia pilau ambayo haikuwa inaungua. Noeli alibaki kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Kila neno la binti yake lilikuwa kweli. Alikikumbuka hata kile kitanda cha hospitali na dripu ikidondoka, na jinsi Anitha alivyojibu, midomo imemkauka: wa tisa, baba, samahani.

Ikaja zamu ya maombi. Mmoja aliombea mvua iendelee, mwingine mgonjwa wake wa Haneti. Sidonia alianza kwa sauti yake ileile ya uenyekiti, lakini haikufika mbali.

"Mimi naomba mniombee Seth wangu. Hayupo nyumbani. Siku ile ya matokeo baba yake alirudi amekasirika, akamwambia: mwenzangu mtoto wake kamletea wani, wewe umeniletea thrii, basi mimi hapa sina mtoto. Seth akatia nguo zake kwenye mfuko akaondoka. Tunasikia yuko Mtera kwa ndugu wa baba yake, anapaa samaki magamba. Nikimpigia hapokei." Alifuta uso. "Sikutaka kuiharibu furaha ya Anitha, ndiyo maana sikusema mapema. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," sebule nzima iliitikia.

Noeli naye aliitikia. Midomo ilikwenda yenyewe, kwa mazoea, na sauti yake ikachanganyika na za wengine. Ndipo alipoona kwamba katika watu wote waliokuwa wakimwomba Mungu asikie, ni yeye tu aliyekuwa na jibu, na amelikalia.

Hata hivyo hakusimama. Alisubiri hadi wakala, wakamaliza, wakakusanya viti vyao.

*

Sebule ilipobaki tupu, Anitha alikuwa anafagia wali uliomwagika chini.

"Seth amefukuzwa kwa ajili ya wani yangu," alisema bila kuinua kichwa.

"Si kosa lako."

"Najua si langu, baba."

Noeli alilitwika tranka begani akatoka. Jua lilikuwa bado kali na barabara ya mtaa imejaa watu. "Ehee, safari imeiva!" fundi baiskeli alimpigia kelele. "Anaondoka lini msomi?" Noeli alinyanyua mkono tu. Bati lilikuwa la moto likamchoma shingo, naye hakulihamisha upande wa pili.

Alimkuta Yotham kibarazani, amevua shati, anaifungua redio yake kwa bisibisi. Sidonia alikuwa bado na kitenge cha jumuiya.

"Hilo linarudi kwa nini?" Sidonia aliuliza.

Noeli alilitua chini. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, yenye utangulizi na sababu, lakini alipofungua mdomo yalibaki machache tu.

"Anitha hakupata wani. Amepata foo. Nilidanganya."

Bisibisi ikatulia mkononi mwa Yotham.

"Foo?"

"Foo."

"Yaani Seth wangu kamzidi?" Yotham alianza kucheka, kicheko kikavu, kisha kikakatika. Alisimama, redio ikaanguka na vyuma vyake. "Mwanangu amefaulu, Noeli! Kutoka shule ya kata, bila mwalimu wa hesabu, amefaulu! Na mimi nimemwambia sina mtoto. Umenifanya nimwambie mwanangu sina mtoto!"

"Nisamehe, jirani."

"Toka hapa kwangu kabla sijakufanyia kitu kibaya."

Noeli hakutoka. Hakuwa jasiri, miguu tu ndiyo haikujua iende wapi. Sidonia alikuwa ameketi juu ya tranka, ameshika kichwa. Aliposema, hakumsemesha Noeli.

"Baba Seth. Na kama Anitha angekuwa amepata hiyo wani kweli, ungekuwa umefanya sawa?"

Yotham alimtazama mkewe. Akaokota kipande kimoja cha redio, akakitazama, akakirudisha chini. Wanaume wale wawili walisimama pale, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake, kama watu waliokutwa wakiiba shamba moja.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," Yotham alisema mwishowe. Hasira ilikuwa imemwishia, akabaki mzee ghafla. "Mimi nikienda atanikimbia."

*

Jumapili asubuhi Noeli alipofika kituo cha mabasi ya Iringa, alimkuta Anitha amekwisha kukata tiketi yake.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Jina lililotumika ni langu," Anitha alijibu, akapanda mbele yake.

Mtera walishuka kabla ya daraja la bwawa, wakateremka kwa njia ya udongo hadi mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Palikuwa na harufu ya moshi na shombo. Wanawake walikuwa wamepanga perege kwenye karai, na chini ya paa la makuti Seth alikuwa amechutama na vijana wengine, kisu mkononi, magamba yamemganda mikononi hadi kwenye viwiko. Aliwaona, akasimama polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Seth. Hujambo?"

"Sijambo. Nyumbani kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

Noeli alimweleza pale pale, amesimama, vijana wengine wakisikia. Hakumvuta pembeni. Alimwambia alichosema ofisini na kwa nini baba yake alirudi na hasira ile. Alimwambia kwamba wani ile haikuwahi kuwapo, na kwamba matokeo yake yeye Seth ndiyo bora kuliko yote ya mtaa wao.

Seth alisikiliza akifuta kisu kwenye suruali. Noeli alijiandaa kwa tusi; alilihitaji, kwa kweli. Lakini kijana hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Anitha, aliyesimama nyuma ya baba yake na viatu vimeloa tope.

"Kwa hiyo umepata foo?"

"Ndiyo."

"Pole, Anitha," Seth alisema. "Pole sana. Ulikuwa unasoma sana, likizo nilikuwa naiona taa ya chumbani kwenu."

Ilikuwa hivyo tu. Anitha, ambaye mbele ya baba yake hakuwa amedondosha chozi tangu matokeo yalipotoka, alikaa chini kwenye kreti la samaki akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mdogo. Mwanamke mmoja aliacha karai lake akaja kumshika bega bila kuuliza.

Noeli alisimama kando. Alihesabu watu moyoni: bosi, madereva, muuza duka, jumuiya nzima, na yeye mwenyewe aliyemlea. Hakuna hata mmoja aliyempa mtoto yule pole, na wasingeweza kumpa, kwa sababu yeye alikuwa ameiziba njia kwa hongera.

Seth hakurudi nao. "Mwambieni baba aje," alisema, akachutama tena kwenye samaki wake.

Yotham alikwenda wiki iliyofuata, na inasemekana walikaa ukingoni mwa maji siku nzima kabla ya kupanda basi. Bosi naye aliambiwa Jumatatu, ndani ya gari. Alisema "Aa. Haya, twende," akarudi kwenye simu yake, na tangu siku hiyo hakumwita Noeli baba Anitha tena. Noeli aliliona hilo, likamuuma, na kuumwa kwenyewe kukamtia aibu.

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jumapili ile, jua likishuka, baba na binti walikaa juu ya jiwe kando ya barabara kuu wakisubiri basi la kurudi Dodoma. Katikati yao, juu ya gazeti, kulikuwa na perege wa kukaanga. Anitha alikuwa anachambua miiba, uso umemtulia.

"Pole, mwanangu," Noeli alisema.

"Ya nini?"

Alidhani neno hilo lingetosha lenyewe.

"Ya matokeo. Na ya kukusimamisha pale mbele. Na ya ile siku hospitali." Akatafuta mengine, na yalikuwapo, mengi. "Sijui mwisho wake. Nisamehe."

Anitha aliendelea kuchambua. Lori la mkaa likapita, vumbi likawafunika, likatua.

"Nikisema yamekwisha, baba, nitakuwa nimedanganya tena."

"Basi usiseme," Noeli alisema.

Basi lilitokea kwa mbali, upande wa darajani, taa zimeshawashwa. Anitha akakunja gazeti na miiba ndani, akainuka, akalipungia mkono.